Wadogo zangu, fungueni freni kabla ya kumjibu motari

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka Birere, hapa Goma, na plaketi (pedi za freni) mpya mfukoni, nikamkuta kadogo mmoja amepiga magoti mbele ya piki ya mteja, hapa hapa kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba, Katindo. Ameshafungua kifuniko cha pompi ya freni, na mkononi ana chupa ya mafuta mekundu, yale ya bwati (giaboksi) otomatiki ya gari. Nilipiga kelele hadi jirani akatoka na mwiko mkononi. Mtoto akashtuka. "Yaya," ndivyo wanavyoniita mimi mkubwa wao, "si mafuta tu? Ya freni yamekwisha." Chupa ilikuwa bado haijainama. Nilimnyang'anya, nikakaa juu ya ndoo, miguu ikanitetemeka.

Maneno hayo, "si mafuta tu", niliyasema mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita. Kwa hiyo leo ninawaandikia nyote mnaojifunza kuondoa tamburi la mbele, ile freni ya ngoma, na kuweka disiki, na kutengeneza furshi, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, nyumbani, bila garaji kubwa. Ninawapenda, ndiyo maana ninawagombeza.

1. Etriye, ile inayobana plaketi kwenye disiki, haichomelewi kwenye furshi. Mwezi huu pekee nimeona mbili. Mguu wa chini wa furshi ni aluminiamu ya kumiminwa. Ukiupeleka kwa fundi wa kuchomelea wa barabarani akaubandikia kipande cha chuma, siku motari, dereva wa piki ya abiria, atakapokamata freni kwa nguvu kipande kitang'oka na kuingia kwenye spoki. Tafuta piki ya aina ileile inayotoka kiwandani na disiki, ununue sehemu yake ya mbele nzima: miguu ya chini, eksi, habu, disiki, etriye, pompi na diriti (mpira unaopitisha mafuta ya freni). Pima kipenyo cha bomba la furshi kabla ya kutoa pesa. Pompi na etriye ziwe za familia moja. Ukiweka pompi yenye pistoni kubwa kuliko inayotakiwa, leva inakuwa ngumu na piki haisimami. Ikiwa ndogo mno, leva inafika kwenye gido (usukani) kabla freni haijakamata.

Wateja watalalamika kwamba ni ghali. Mwambie mteja asubiri mwezi mmoja akusanye. Tamburi lake lililorekebishwa vizuri ni salama kuliko disiki iliyobandikwa.

2. Furshi kwanza, freni baadaye. Hili wengi hamlitaki kwa sababu disiki inaonekana na furshi haionekani. Lakini angalieni mji tunaoishi. Lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya Goma, na mpaka leo kuna avenyu ambapo tunaendesha juu ya mgongo wake. Ile ya Mei 2021 ilikata njia ya Rutshuru pale Buhene. Gurudumu la mbele linaruka kutoka jiwe hadi jiwe, na gurudumu lililo hewani halina freni, hata ukilifunga disiki mbili. Freni inakamata disiki, lakini kinachosimamisha piki ni tairi linaloshika ardhi, na kazi ya kulibakiza tairi chini ni ya furshi.

Kosa lenu hapa ni moja: furshi ikiwa laini mnamimina mafuta ya moteri (injini), 20W50, mnafurahi imekuwa ngumu. Mafuta mazito hayaongezi nguvu ya ressori (springi). Yanapunguza kasi yake tu. Ressori ikishabonyezwa inachelewa kurudi, jiwe la pili linaikuta bado iko chini, la tatu linaikuta imekwisha kabisa, na motari anaanza kusema mikono inamuuma. Weka mafuta ya furshi, 10W inatosha piki nyingi za hapa, 15W kwa anayebeba mizigo kila siku. Kama bado inalala, badilisha ressori.

Kupima kama ressori inatosha: funga kiserifleksi, ule ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, kwenye bomba la furshi, gurudumu la mbele likiwa hewani kisukume chini hadi kwenye kifuniko cha vumbi, shusha piki, mwambie motari akae na mzigo wake wa kawaida, ashuke taratibu. Kama kimepanda robo hadi theluthi ya mwendo wote wa furshi, sawa. Kama kimepanda nusu, ressori imechoka.

Kiasi cha mafuta kipime kwa rula kutoka juu ya bomba, ressori ikiwa nje na furshi imebonyezwa hadi mwisho. Miguu yote miwili iwe sawa. Msijaze eti ili iwe imara: hewa ikikosa nafasi ndani, jointi spi (sili ya mafuta) itatapika mafuta, na yatashuka moja kwa moja juu ya disiki yenu mpya.

Ukirudisha gurudumu, usikaze eksi yote mara moja. Kaza nati ya eksi, shika freni ya mbele, bonyeza furshi mara tano sita ili miguu ijipange, ndipo ukaze ile bolti ndogo ya chini.

3. Mafuta ya freni. Hapa naomba mniachie nafasi, kwa sababu sijawahi kulisimulia lote.

Piki ilikuwa ya motari mmoja wa Majengo, mtu asiyesema sana. Alikusanya pesa ya disiki kidogo kidogo kwa miezi, kwa kuwa alibeba akina mama wa mboga kutoka Kibumba, na ule mteremko wa kuja mjini unalichosha tamburi: ukikamata muda mrefu linapata joto, linalegea, na mvua ikiingia ndani halishiki kitu. Nilimfanyia kazi Jumapili. Kila kitu kilikaa vizuri. Jioni, nikiwa natoa hewa, chupa ya mafuta ya freni ikaisha, kopo la pompi likiwa nusu na leva bado laini. Maduka yamefungwa. Yeye alitaka kutoka saa kumi na moja alfajiri. Kwenye rafu kulikuwa na mafuta mekundu yaliyobaki kwenye kazi ya direksioni (usukani) ya gari fulani. Nikajiambia: si mafuta tu?

Nikamimina. Nikaendelea kutoa hewa mpaka leva ikawa imara. Akaijaribu mpaka Signers na kurudi, akatabasamu, akanilipa zote. Ile siku ya kwanza huwezi kuona tofauti yoyote.

Jumatano akarudi. "Yaya, piki inavutwa." Niliinua gurudumu la mbele, nikalizungusha, likazunguka, kwa sababu lilikuwa limeshapoa. Nikamwambia ni mnyororo, nikaulegeza, nikautia mafuta, sikumdai kitu. Nilijiona mtu mwema.

Ijumaa akarudi tena. Leva imekuwa ngumu kama jiwe na haina tena ule mchezo wa mwanzo. Disiki, alisema, inamchoma kidole akiigusa. Nikamjibu: "Plaketi mpya, zinajizoesha." Akanishukuru akaondoka. Wadogo zangu, mtu alikuja kwangu mara mbili na kunieleza ugonjwa wote, dalili kwa dalili, na mimi sikufungua kifuniko chenye visi (skrubu) mbili.

Jumanne alikuwa akishuka na mama mmoja na magunia mawili ya kabichi. Baada ya Kibati alihisi moteri inasumbuka, akadhani ni mzigo, akaongeza gesi. Kufika Kanyaruchinya gurudumu la mbele likajifunga lenyewe. Walianguka upande wa kushoto. Yeye alichunika goti na kiwiko. Mama alivunjika kifundo cha mkono.

Alinipigia simu. Hakutukana. Alisema tu, "Yaya, gurudumu limekataa kuzunguka." Nilipofika, mama alikuwa amekwisha pelekwa hospitali na watu walikuwa wakiokota kabichi mtaroni. Disiki ilikuwa na rangi ya bluu kama bomba la moshi lililoungua. Tulijaribu kusukuma piki watu wawili, wapi. Nikatoa kle (spana) ya 8, nikalegeza ile visi ya kutolea hewa kwenye etriye, robo ya mzunguko. Mafuta yakaruka, ya waridi, na gurudumu likaachia kwa mlio mdogo. Motari aliangalia yale mafuta kwenye mchanga mweusi, kisha akaniangalia mimi. Jumapili ile alikuwa amekaa karibu nami, alijua mafuta niliyoanza nayo yalikuwa ya rangi ya asali nyepesi. Hakuniuliza kitu.

Nyumbani nikafungua kifuniko. Ile raba nyembamba iliyo chini yake ilikuwa imekua. Imejikunja mawimbi mawimbi kama sikio, na nilipoitoa haikukubali kurudi mahali pake. Ilikuwa kubwa kuliko kopo lake. Hapo nikaelewa yaliyotokea ndani. Raba za freni zimetengenezwa kwa mafuta ya freni, ya glaikoli. Mafuta yanayotoka kwenye mafuta ghafi, ya moteri, ya bwati, ya direksioni, yanaingia ndani ya raba hizo na kuzivimbisha. Ndani ya pompi kuna kitundu kidogo sana ambacho mafuta hurudia kwenye kopo ukiachia leva. Raba ya pistoni ikivimba inakifunika. Sasa ukikamata freni, disiki inapata joto, mafuta yanatanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma plaketi zaidi. Plaketi zikisukuma, joto linaongezeka. Inaendelea hivyo bila mtu kugusa leva, mpaka gurudumu linasimama. Ikipoa inaachia, ndiyo maana Jumatano gurudumu lilizunguka mbele ya macho yangu.

Kuosha hakutoshi. Nilibadilisha kila raba, ya juu na ya chini, pamoja na diriti, kwa sababu nayo ndani ni raba. Nililipa hospitali. Kwa wiki sita nilikwenda kumwona yule mama kila Jumamosi na unga na sukari, na mara ya kwanza aliniuliza, "Ni wewe uliyeyatia?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Basi usimtilie mwingine," akaniomba nimsaidie kufungua mfuniko wa sufuria, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta.

Kwa hiyo: kifuniko cha pompi kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, na hicho ndicho unachomimina. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Ikishanywa maji ya kutosha inaweza kuchemka kwenye 155, na mafuta yakichemka ndani kunakuwa na mvuke, leva inaingia hadi mwisho na piki haisimami. Ndiyo sababu hatununui chupa iliyofunguliwa, hata kwa nusu bei, na kila baada ya miaka miwili tunayabadilisha yote. DOT 5 ni silikoni, si ya piki hizi, usiichanganye na DOT 4. DOT 5.1 ni glaikoli, hiyo inakubali. Na kama mafuta ya freni yamekwisha na maduka yamefungwa, piki inalala. Motari akikasirika, akasirikie hapo hapo uani.

4. Hewa. Kama leva haiamki, sukuma mafuta kutoka chini, kwenye etriye, kwa bomba la sindano na kampira kanene. Hewa inapenda kupanda. Toa kwanza mafuta kwenye kopo la juu yasije yakafurika juu ya tenki, maana yanakula rangi. Yakimwagika, maji mengi mara moja.

5. Rondeli (washa) za shaba za diriti ni mpya kila ukifungua. Zinauzwa bei ndogo kuliko andazi.

6. Geuza gido kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, bonyeza furshi yote: diriti isivutike wala isiguse tairi.

7. Plaketi mpya, piga leva mpaka iwe ngumu KABLA piki haijatoka kwenye parseli. Mwaka jana mmoja wenu alisahau, akaingia kwenye ukuta wa jirani taratibu kabisa, uso wa mtu anayeshangaa. Tulicheka, na ukuta tukaujenga upya. Ingekuwa lango liko wazi, angekuwa kwenye lami kati ya magari.

8. Unene wa mwisho wa disiki umechorwa kwenye disiki yenyewe. Soma.

Turudi kwa kadogo wa Jumamosi. Nilimpa pesa akanunue DOT 4. Akarudi na chupa iliyovunjwa muhuri, nikamrudisha. Akanuna, akaenda, akaleta nzima. Tulitoa hewa pamoja mpaka giza likaingia, yeye kwenye leva, mimi na kle chini, na nilimsimulia habari ya Kanyaruchinya, bila yule mama. Habari za mama anazisoma leo pamoja nanyi.

Jumatatu mchana mteja akarudi. "Leva imekuwa laini kidogo kuliko Jumamosi." Nilikuwa nimelala chini ya piki nyingine, nikanyamaza makusudi, nisikie kadogo atamjibu nini. Alikaa kimya kidogo. Kisha nikasikia anafuta kifuniko cha pompi kwa kitambaa, vumbi lisiingie ndani, na bisibisi ikaanza kugeuka kwenye visi ya kwanza.