Ugomvi wa wavuvi: subiri mbalamwezi ndipo uwashe kamera

Mkuu, umeuliza kama Mwanza panafaa kwa filamu ya makala kuhusu wavuvi wanaogombana kwa sababu maji yanapata joto, kama Aisilandi ilivyovutana na Norwe na Umoja wa Ulaya baada ya makareli (ndugu wa vibua wetu) kusogea kaskazini. Panafaa sana. Kazi yangu ni video za harusi hapa Kirumba, ila nimekaa miaka miwili nikienda na kurudi Ukerewe kurekodi ugomvi wa wavuvi.

Usifananishe moja kwa moja, lakini. Kule samaki walihama, nchi zikagombania mgawo. Ziwa Victoria limezungukwa na nchi kavu, sangara hana pa kuhamia. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, oksijeni inapungua huko chini, na samaki wanabanana kwenye maji yanayovutika pumzi. Ongeza maji machafu yanayoingia ziwani, nyavu haramu na wingi wa mitumbwi. Ukisema joto ndilo chanzo cha kila ngumi, wavuvi wenyewe watakukatalia.

Ugomvi nilioufuata mimi ni huu: wa sangara anatega jioni, nyavu zinalala majini, anategua alfajiri. Wa dagaa anaingia usiku na taa zake, na mara nyingine anajikuta juu ya nyavu za mwenzake. Kuna mzee alinikalisha mchangani, akaanza kuupitisha wavu wake vidoleni, jicho kwa jicho. Alipofika kwenye tundu kubwa akashika ncha mbili za uzi akazisogeza karibu na lenzi. Uzi uliochanika unatoka nywelenywele. Hizi zilikuwa safi, zimepitiwa kisu. Dakika nne hakusema neno, na katika saa zote za mahojiano niliyonayo hakuna kinachofikia dakika zile.

Sasa, muda. Siku za giza, zisizo na mwezi, wavuvi wa dagaa wako kazini usiku, mchana wamelala, utawasumbua bure. Subiri mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kuongea. Karibu kila neno la maana nimelipata siku hizo.

Jambo linaloniuma hadi leo: mwanzoni nilirusha kipande kifupi kwenye kundi la WhatsApp, nyuma yake anaonekana kijana ameshika timba, wavu haramu. Sikuwa nimemwomba ruhusa. Haikupita wiki, nyavu zake zikachomwa. Familia yake ilikuwa inakula kwa nyavu zile. Tangu hapo mtu mwenye zana haramu namrekodi mikono tu, na sauti kama ameridhia. Ukishindwa hilo, mkuu, usiende.

Kibali chukua Bodi ya Filamu, kisha jitambulishe kwa uongozi wa kijiji na kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) ya mwalo. Usishangae ukiangaliwa kwa jicho baya. Filamu ya sangara iliyorekodiwa hapa ilitoka 2004, na 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Waliokuwepo hawajasahau, na wana haki ya kukuuliza picha zao zinakwenda wapi. Wajibu ukweli wote.

Migingo, kile kisiwa kidogo cha ziwani, ningeiacha. Wakenya na Waganda wameshaigombania mbele ya kamera nyingi mno, na utaishia kurekodi bendera na mabati.

Panda mitumbwi ya pande zote mbili. Mimi nilianza na ya sangara peke yake, na miezi kadhaa niliamini wa dagaa ni wakorofi. Usiku nilipopanda nao nikaona chupa za plastiki zinazotumika kama maboya ya nyavu za sangara: gizani, wimbi likiinuka kidogo, huzioni hata zikiwa hatua tano. Nahodha wetu alizima injini mara tatu akasikiliza kama kuna zinazogonga ubavu wa mtumbwi. Sauti ile ninayo.

Ukifika Mwanza nicheki inboksi, nina maiki mbili za kola na koti la kuokolea, nitakuazima.