Kipimo kimesema mimi ni mkimya. Nitoke bendi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Napiga gitaa na kutunga nyimbo hapa Arua. Nilijaza maswali ya tabia kwenye simu, nikapewa herufi INFP na maelezo kwamba mimi ni mtu wa kutunga peke yangu. Wenzangu wanataka tutunge pamoja mazoezini, na kweli pale sipati hata mstari mmoja. Nitoke?

JIBU: Usitoke, dada, angalau si kwa ajili ya herufi nne. Mfumo huo wa herufi, uitwao MBTI, ulibuniwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wakianzia kwenye mawazo aliyoyachapisha Carl Jung mwaka 1921. Una jozi 4 za tabia, ndipo zinapatikana aina 16. Kasoro yake ni kukata katikati: aliyeegemea ukimya kidogo tu na aliyezama kabisa wanapewa herufi ileile. Rudia baada ya mwezi, usishangae moja ikigeuka. Watafiti wengi hutumia kipimo cha sifa 5, na humo inayoandamana zaidi na ubunifu ni hamu ya kupokea mambo mapya. Ukimya hauamui kama mtu ni mbunifu.

Ila hilo la mazoezini nakuamini. Studioni kwangu Kampala alikuja mwimbaji na marafiki sita, wote kwenye kochi, kila mmoja na ushauri wake. Ubeti wa pili aliurudia mpaka sauti ikakauka. Nikawatuma wote nje wakale roleksi, ile chapati ya mayai, nikazima taa, nikabaki mimi na mashine. Akaimba mara mbili, tukamaliza.

Kwa hiyo tunga nyumbani. Rekodi kwa simu gitaa na mguno, hata maneno yakiwa nusu, uwatumie wenzako siku mbili kabla. Mazoezini mpange tu: nani aingie wapi, kibwagizo kirudiwe mara ngapi. Lakini mpiga ngoma wenu pengine hafikirii mpaka aongee. Naye mpeni nusu saa yake ya kelele.

Amadinda, marimba ya Buganda, ina vibao 12 na wapigaji watatu. Omunazi anaanza, omwawuzi anapenyeza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, omukoonezi anagusa vibao viwili tu vya juu. Wimbo unaousikia hakuna anayeupiga mzima. Sijawahi kusikia mtu akiuliza omukoonezi ana herufi gani.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kingine. Wanaotunga peke yao wengine hukaa na wimbo mwaka mzima wakiusugua. Ukipata ubeti mmoja na kibwagizo, tuma, hata ukiona aibu.

Jaribu hivyo kwa nyimbo tatu. Kama bado unatoka mazoezini umekauka, nitumie rekodi ya mazoezi yenyewe. Huenda shida ni amplifaya ya mtu.