Aliyezamisha mkono guniani

Wiki hii mmeuliza kama kweli waajiri humchukua anayeifaa kazi kuliko wenzake wote. Kwa niliyoyaona, hapana. Aliye bora mara nyingi hata habari za nafasi hazimfikii, na zikimfikia, jina la mwingine limeshapita.

Nilikuwa mhasibu kwenye mashine ya kukoboa mpunga huku Igurusi, wilayani Mbarali. Msimu mmoja tukahitaji karani wa ghala. Tangazo lilibandikwa mlangoni Ijumaa jioni, usaili Jumatatu asubuhi. Walikuja watatu: kijana mwenye stashahada, mpwa wa tajiri wetu, na binti wa kidato cha nne kutoka Ubaruku.

Tuliwapeleka ghalani tukawaonyesha gunia moja. Vijana wale wawili walilitazama kwa nje wakasema mzigo uko vizuri. Binti aliomba kamba ifunguliwe, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini na kuzing'ata moja moja kwa meno ya mbele. Zilikuwa zinabonyea badala ya kukatika. "Baba, huu wa chini bado mbichi. Mkiufungia humu utachemka." Tukatoa kipima unyevu kabatini: asilimia 17. Mpunga wa kuweka ghalani hautakiwi kuzidi 14.

Kazi akapewa mpwa. Tajiri alisema ghala lina mali za watu, anataka mtu ambaye akiiba anajua pa kumpata. Hofu hiyo siibezi hata kidogo, maana mkulima akileta magunia 40 akaja kukuta 38, hamuaminiki tena. Lakini hata binti yule alikuwa na wazazi na mwenyekiti wa kitongoji. Barua ya mdhamini ingetosha. Nami niliyeyaona yote nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na ada za watoto. Inaniuma hadi leo.

Msimu ule mpunga mbichi na mkavu ulipangwa pamoja. Magunia ya katikati ya rundo yakapata joto, mengine ukungu, na mchele ukatoka chenga nyingi. Hasara ikawaangukia wakulima, kwani chenga haina bei ya mchele mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na mengineyo. Serikalini nako kuna Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yake yanasomwa nchi nzima. Kwenye mashine na maduka yetu, tangazo ni simu moja ya jioni kwa shemeji.

Sasa nina stoo yangu ndogo Mbeya mjini. Nilipotafuta karani, tangazo lilikaa sokoni wiki mbili, na kila aliyekuja nilimpa magunia mawili ayakague. Nilitamani kumpigia na yule binti wa Ubaruku. Namba yake ilikuwa kwenye barua yake ya maombi, na barua za waliokosa tulikuwa tunawashia moto wa chai.