Jibu: Jeli inayokunjamana na kubanduka

Yaya, umeuliza kwa nini jeli yako ya kucha (rangi inayokaushwa kwa taa) inakunjamana na kubanduka siku ya 3, ingawa mkono unakaa dakika 2 nzima kwenye taa. Mimi naona kosa ni unene kuliko muda. Juu inakauka, chini inabaki mbichi, hasa rangi nyeusi na nyeupe, maana zinazuia mwanga. Paka nyembamba hadi ukucha uonekane kwa chini, kausha sekunde 60 kwa taa ya LED (120 kwa ile ya mirija), kisha rudia. Kidole gumba kikaushe peke yake, kimelala bapa. Pamoja na vingine kinageuka ubavu na mwanga unakikosa.

Tena hapa Goma umeme ukikatika tunachomeka taa kwenye pawabenki. Tundu la volti 5 na ampea 2 linatoa wati 10 tu, hata kama boksi limeandikwa 48. Subiri umeme urudi.

Kunata kwa juu mwishoni ni kawaida, pangusa kwa alkoli. Ila jeli mbichi ikigusa ngozi, tafadhali ifute kwa kijiti kabla ya kuwasha taa. Hiyo ndiyo inaleta mzio: vidole vinawasha, vinavimba, na ukishaupata hauondoki.