Notepad++ ya zamani ina hatari gani?

SWALI: Kaka habari, kompyuta ya ofisini ina Notepad++ 8.5.6, ile programu ya kuandikia na kuhariri maandishi, jamaa kanambia niitoe haraka eti faili la maandishi tu laweza kuniletea balaa, kweli?

JIBU: Kweli kabisa dada, usipuuze. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu hiyo inapogeuza maandishi ya UTF-16 kuwa UTF-8 (njia mbili za kompyuta kuhifadhi herufi) inatenga nafasi kwenye memori kwa hesabu ya kila baiti 2 kuzaa 3, sasa mtu akikutegea faili lenye kipande cha idadi witiri, tuseme baiti 9, hesabu inagoma, nafasi inakuwa finyu na data inamwagikia memori ya jirani, ndo hapo programu inakufa au mdukuzi anapata upenyo. Toleo 8.5.7 la Septemba 2023 lilirekebisha, pakua jipya leoleo, na faili la usiyemjua usiliguse kwanza tafadhali.