Babu hakufika Burma

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nani katika ukoo wako alikwenda vitani, na habari zake umezipataje? Wa kwetu ni kaka yake babu, aliyekwenda Vita ya Pili ya Dunia. Tangu utotoni tuliambiwa "alikwenda Keya, akafia Burma". Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la askari wa Afrika Mashariki chini ya Mwingereza; Burma ndiyo Myanmar ya leo. Nyuma ya picha yake ya pekee, babu aliandika kwa penseli neno moja tu: Burma.

Nilianza na neno hilo, likanipoteza mwaka mzima. Nilipekua orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana bure mtandaoni. Nikapitia makaburi ya Taukkyan huko Burma, nje ya jiji la Yangon, na mnara wake wenye majina yapatayo 27,000 ya wasio na kaburi. Hayumo.

Kumbe kosa lilikuwa langu, kulichukua neno Keya kama lilivyo. Wazee wetu waliita Keya karibu jeshi lote la Mwingereza, hata kama mtu hakuwa King's African Rifles. Shangazi ndiye aliyenifungua macho. Nilipomuuliza marehemu alikuwa na kazi gani huko jeshini, alijibu bila kufikiri, "Mwanangu, yule alikuwa mtu wa mzinga." Kisha akatoa sandukuni barua ya msiba, imechanika mikunjoni, sehemu ya jina la kikosi imeliwa na mchwa. Kilichosomeka vizuri ni tarehe: 12 Februari 1944.

Tarehe hiyo haikuafikiana na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia vitani huko katikati ya 1944, ikashuka bonde la Kabaw mvua zikinyesha, na Desemba ikavuka mto Chindwin. Februari ilikuwa bado Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikijifua. Basi nikaacha kutafuta jina, nikatafuta tarehe pamoja na kikosi cha mizinga. Yakafunguka majina mengi sana, yote ya siku moja.

Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, huko Ceylon, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yako Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita. Kaka yake babu yumo, ila jina lake limeandikwa kwa L badala ya R, na jina la baba halipo. Karani aliandika alivyosikia. Ndiyo maana namsihi kila anayetafuta: jaribu kila tahajia, na ukiwa na namba ya jeshi, ishike hiyo kuliko jina.

Medali zisikukatishe tamaa ukizikuta hazina jina. Nyota, yaani medali za umbo la nyota, za Vita ya Pili walizopewa askari wetu kwa kawaida hazina jina, ilhali medali nyingi za Waingereza za Vita ya Kwanza zimechorwa jina ukingoni. Kwa wapagazi wa ile vita ya 1914, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, kazi ni ngumu zaidi, na inauma: maelfu yao hawana kaburi wala jina kwenye jiwe lolote. Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine. Kwa hao, kilichobaki ni midomo ya wazee, na wazee wanaondoka.

Nilipomsomea shangazi habari za meli, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama maji ya huko yana baridi. Nikamwambia ni bahari hii hii yetu. Akaniletea ile picha na kalamu. Neno la babu sikulifuta. Chini yake nimeandika: baharini, 12 Februari 1944.