Kabla hujanyang'anywa usukani

Juzi kijana mmoja anayeendesha daladala ya shamba hapa Unguja, njia 116 ya Nungwi, alinijia barazani baada ya sala ya isha. "Ami, kiti kinaniponyoka." Tajiri kampa mpaka mwisho wa mwezi: hesabu itimie au funguo arudishe. Nikamwagizia kahawa, maana yalishanikuta mimi, na kwenye njia hiyo hiyo.

Mwaka 2016 nilikuwa njia 502, Darajani kwenda Bububu. Njia ile naijua kama uwa wa kwetu. Akatokea tajiri mwenye Coaster mbili za Nungwi. Moja inaendeshwa na mzee aliyekaa nayo miaka, nyingine haina mtu. Nikaichukua kwa mbwembwe. Klachi yake inashikia juu, breki lazima uipige mara mbili, na kwenye kona inalala kama ngalawa. Mzee kila magharibi anakabidhi hesabu kamili. Mimi leo nimepungukiwa 8,000, kesho 10,000. Tajiri anahesabu noti kimya, anatia mfukoni, anaondoka. Bora angenitukana.

Nikaanza kumwigiza mzee. Anapopita gari ya mbele, nami napita. Anapokanyaga mafuta, nakanyaga. Dizeli ikazidi, abiria wakanuna, na konda wangu tukawa hatusemeshani. Siku moja karibu na Mkwajuni nikalipita lori la mchanga, mbele yangu gari ya ng'ombe. Tukaingia kichakani. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, ila bampa lilibaki kwenye mnazi, na mama mmoja alikuwa na ndoo ya mayai mapajani. Mayai niliyalipa. Hesabu ya siku ile msiniulize. Wiki iliyofuata gari akapewa mwingine.

Mimi ni mpenzi wa langalanga, zile mbio za magari za Formula 1, huangalia kwa simu hapo hapo barazani, wenzangu wakinicheka. Kisa cha dereva Liam Lawson mwaka 2025 kilinirudisha Mkwajuni. Timu ya Red Bull walimpa gari pembeni ya bingwa wao, Max Verstappen. Australia alianza nyuma, mvua ikanyesha, akagonga. China akawa wa mwisho kwenye kutafuta nafasi ya kuanzia, tena mara mbili wikiendi moja. Baada ya mbio mbili tu wakamrudisha timu yao ndogo, kiti wakampa dereva mwingine, Yuki Tsunoda. Naye Tsunoda akahangaika nayo mpaka mwisho wa msimu, na kiti kikamtoka. Gari ile pua yake inaingia kona upesi, na asiyeizoea nyuma inamkimbia. Verstappen ndivyo anavyoitaka. Ukimfuata kwa mguu wake utajikuta ukutani.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: nenda kwa tajiri wewe kabla hajakwita, na usimwambie "gari mbovu". Hilo kila dereva analisema. Mwambie breki inashika mara ya pili, klachi imeisha, fundi kasema itagharimu kadhaa. Mwombe siku kumi uendeshe mwendo wako, umletee na daftari: tripu ngapi, dizeli ya kiasi gani, abiria wamepandia wapi. Tajiri huchoka na udhuru, daftari atalisoma.

Na mwendo punguza. Najua unaogopa kuchelewa. Hofu ikishuka mguuni, dereva huwa wewe tena?

Ila lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Nilikutana na yule mzee Darajani, nikamuuliza siri yake, nikidhani ataniambia habari ya gia. Akacheka. Kumbe alfajiri Nungwi alikuwa na wachuuzi wake wa samaki, matenga yanajaa keria ya juu ya gari kabla abiria hajapanda hata mmoja. Nusu ya hesabu yake ilikuwa juu ya paa. Miezi yote ile nilikuwa nikimtazama miguu.

Na kiti kikiondoka? Rudisha gari imeoshwa, na mafuta ndani. Mimi nilirudi 502 nikishikizwa gari za watu, aibu tupu, lakini mkono ulirudi. Dereva Pierre Gasly naye Red Bull walimtoa Agosti 2019 baada ya mbio 12, akateremshwa timu yao ndogo, Toro Rosso. Novemba ile ile akawa wa pili mbio za Brazil, na Septemba 2020 akashinda Monza, Italia, na timu ile ile ya chini, wakati huo ikiitwa AlphaTauri. Lawson mwenyewe, baada ya kuteremshwa, alimaliza wa tano mbio za Baku.

Kijana alinisikiliza, kahawa ikapoa. Nikamuuliza mwenzake anayeleta hesabu kamili hupakia nini juu ya keria. Akanitazama tu.

Leo saa kumi na moja alfajiri simu imeniamsha. Yuko Nungwi, nyuma yake nasikia wanawake wanagombea bei ya dagaa. "Ami," ananong'ona, "nimehesabu matenga kumi na nne."